Jibu: Mtu wa Kawaida haonekani kwenye A Man for All Seasons

Habari ndugu. Umesema unalinganisha tamthilia ya Robert Bolt, A Man for All Seasons, na filamu yake, na umeirudia filamu mara kadhaa bila kumpata Mtu wa Kawaida, yule mhusika wa jukwaani anayechukua nafasi nyingi ndogo.

Kwanza angalia mwaka wa filamu uliyo nayo. Kama ni ya Fred Zinnemann ya 1966, usiendelee kumtafuta, hayumo. Bolt mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wa filamu, naye alimwondoa. Jukwaani mwigizaji mmoja hubadilisha nguo mbele ya watazamaji: mara mtumishi, mara mpiga makasia, mlinzi wa gereza, hadi mkata vichwa. Kwenye filamu kazi hizo wamegawana watu tofauti. Mtumishi Matthew, kwa mfano, ni Colin Blakely.

Kilichopotea hapo ni kikubwa. Jukwaani Mtu wa Kawaida anaongea na watazamaji moja kwa moja, kwa hiyo nao wanajikuta washiriki wa kifo cha Thomas More, shujaa wa hadithi, aliyekatwa kichwa kwa kutokubaliana na Mfalme Henry VIII. Filamu inakufanya mtazamaji tu, ila inakupa mto Thames wenyewe.

Sasa nenda mwisho kabisa, baada ya shoka. Sauti ya msimulizi inaeleza Cromwell, Norfolk na wakubwa wengine wa serikali ya mfalme waliishia wapi, na kwamba Richard Rich, aliyetoa ushahidi wa uongo dhidi ya More, alifia kitandani. Kwenye tamthilia, habari za namna hiyo huzisoma Mtu wa Kawaida akiwa mlinzi wa gereza. Weka sehemu hizo mbili sambamba, ulinganisho wako uanzie hapo.

Ukitaka kumwona kwenye skrini, tafuta toleo la televisheni la 1988 la Charlton Heston. Roy Kinnear ndiye anayemwigiza.