Nguzo ya mwaka 1965 na ya mwaka 1985 zinatofautianaje?

Swali: Ninaishi Los Angeles katika jengo la zege la mwaka 1965, na jiji limemwagiza mwenye jengo aliimarishe dhidi ya tetemeko. Jengo jirani la mwaka 1985 halikuguswa, ingawa nguzo zake zina unene uleule. Tofauti iko wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, tofauti imo ndani ya nguzo, kwenye ringi zinazofunga nondo. Wahandisi wa miaka ya 1960 walijali zaidi nguzo ibebe uzito wa jengo, na ringi wakazipanga zikiachana sana, kwa kuwa kazi yake ilionekana ni kushika nondo za wima tu. Tetemeko linapoisukuma nguzo huku na huku, zege la nje hubanduka, lile la ndani lisilobanwa husagika, nondo hujikunja, na ghorofa hushuka.

Somo hilo lilidhihirika katika tetemeko la tarehe 9 Februari 1971 kwenye bonde la San Fernando, huko huko Los Angeles. Hospitali ya Olive View ilikuwa mpya kabisa, lakini nguzo zake za pembeni zenye ringi za kawaida zilivunjikavunjika, ilhali zile zilizozungushiwa nondo mfululizo kama springi zilipinda vibaya na bado zikaendelea kubeba mzigo. Kwangu mimi hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Kanuni za ujenzi zilizofuata, hasa toleo la 1976, zilitaka ringi zikaribiane, na ncha zake zikunjwe kwa nyuzi 135 ziingie katika kiini cha zege, kwani ncha iliyokunjwa kwa nyuzi 90 hufunguka ganda la nje likibanduka. Ndiyo maana amri ya jiji ya mwaka 2015 inahusu majengo yaliyoombewa kibali kabla ya tarehe 13 Januari 1977, na kuwapa wenye majengo miaka 25 kukamilisha kazi.

Hata hivyo, jengo la jirani yako nalo lina mipaka yake. Tetemeko la Northridge la mwaka 1994 lilionyesha kwamba nguzo zilizokusudiwa kubeba uzito tu, bila kuhesabiwa katika kuzuia mtikiso, nazo huyumba pamoja na jengo zima na huweza kuvunjika; kanuni zikabadilishwa tena.

Kwa nguzo za jengo lako, njia mojawapo ni kuzivika koti la chuma au kuzizungushia vitambaa vya nyuzi za kaboni vilivyogandishwa kwa gundi, ili vifanye kwa nje kazi ya ringi zilizokosekana ndani.