"Mwanangu, ninajaribiwa mimi au dawa?"

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma. Kazini kwetu tunawasomea wagonjwa fomu za utafiti wa magonjwa makubwa ya moyo na saratani za damu. Fomu zimeandikwa kwa Kiswahili, lakini wagonjwa wanabaki wanatutazama tu. Juzi nilimsomea bibi mmoja wa Kongwa: "Unaombwa kushiriki katika jaribio la kitabibu la saratani sugu ya damu." Akanishika mkono, akaniuliza, "Mwanangu, ninajaribiwa mimi au dawa?" Nilikosa jibu. Mzee mwingine wa Bahi, fomu yake ilisema ana "tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi". Akasimama, akavaa kofia, akasema moyo wake unafanya kazi, umemleta mpaka hapa. Nitumie jaribio, utafiti wa kitabibu, au utafiti wa kliniki? Na hayo maneno mengine ni sahihi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimerudi kwa huyo bibi. Amegusa mahali ambapo mfasiri na mhariri wote wawili walipita bila kusimama.

Kitenzi jaribu kimezaa nomino mbili zinazofanana sura. Kuna jaribu, wingi wake majaribu: hayo ni masaibu yanayomfika mtu, imani na subira yake zikapimwa. Ndiyo tunayoyaombea tunaposali "usitutie majaribuni". Kisha kuna jaribio, wingi wake majaribio: tendo la kupima kitu, au la kuthubutu jambo ambalo huenda lisifanikiwe. Mwanafunzi hufanya jaribio la kemia, na redio hutangaza jaribio la mapinduzi. Anayesoma kwa macho anaona tofauti ya herufi chache na kuendelea. Anayesomewa akiwa amekaa kwenye benchi, na homa mwilini, hana herufi za kutazama. Akiambiwa yumo kwenye jaribio, kauli inayomjia mdomoni ni ya kutendwa: ninajaribiwa. Na kwa mtu aliyekulia kwenye Biblia, kujaribiwa ni habari ya Ayubu.

Kosa lenyewe, hata hivyo, haliko kwenye neno jaribio. Liko kwenye kale kaneno kadogo, la. A-unganifu yetu, yaani hizo ya, wa, la na cha, inabeba mizigo mingi mno. Dawa ya mbu inaua mbu, dawa ya mtoto inamponya mtoto, na kiunganishi ni kile kile. Sisi tunaojua jambo lenyewe tunaelewa bila shida. Asiyejua anaachiwa akisie. "Jaribio la saratani": saratani inajaribiwa, au inajaribu? "La kitabibu" nalo linataja namna ya tendo, halitaji kitu kinachopimwa. Bibi alitafuta kitenzi na shamirisho yake, yaani kile kinachotendwa, hakuviona, akauliza.

Basi viweke. Sema "utafiti wa kupima dawa". Utafiti ni neno lililokwisha kukaa vijijini. Watu wametembelewa na watafiti wa malaria, wa mtama, wa maji. Halina harufu ya kuviziwa. Utafiti wa kitabibu si kosa, linafaa sana kwenye kichwa cha fomu. Utafiti wa kliniki ningeuacha, kwa sababu kwetu kliniki ni siku: siku ya kupima mtoto uzito, siku ya kurudi kuonana na daktari. Mgonjwa atadhani mnachunguza foleni.

Lakini nisingependa tulainishe lugha mpaka tufiche jambo. Dawa ndiyo inayopimwa, ni kweli, na inapimwa ndani ya mwili wa bibi. Yote mawili ayasikie. "Tunapima dawa, bibi. Tutaipima kwa kukupa wewe uitumie na kuangalia inavyokufanyia, mema na mabaya." Hapo kitenzi kina mtendaji, kina shamirisho, na bibi anajiona alipo ndani ya sentensi.

Sasa sugu, neno ambalo limenikosesha usingizi kuliko yote.

Mwombe mkulima yeyote wa zabibu wa hapa Dodoma akufunulie kiganja. Pale mpini unapogusa, ngozi imekuwa ngumu, nene, haisikii mwiba. Hiyo ndiyo sugu. Kutoka kwenye kiganja neno limetembea: mhalifu sugu ni yule adhabu haimwingii, na usugu wa vimelea ni vile vimelea kutosikia dawa. Mahali pote hapo maana ni moja: kitu kimegoma. Ndipo wataalamu wa afya wakalichukua waite magonjwa yanayokaa na mtu miaka mingi: magonjwa sugu. Matumizi hayo yameenea, yako kwenye vitabu, siwezi kuyaita makosa. Ila mgonjwa anasikia kiganja. "Saratani sugu" kwake ni saratani iliyoishinda dawa.

Na angalia tunavyompotosha. Aina mojawapo ya lukemia, yaani saratani ya damu, inayoitwa hivyo ni ile ambayo mwaka 1960 watafiti wa mji wa Philadelphia, Marekani, waligundua alama yake kwenye kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba vinasaba. Baadaye ikajulikana kuwa vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana mahali. Dawa ya vidonge iliyotengenezwa kuzuia kasoro hiyo, imatinibu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2001. Katika utafiti mmoja mkubwa wagonjwa 1,106 waligawanywa sawasawa, 553 wakapewa vidonge hivyo na 553 wakapewa matibabu yaliyokuwa yakitumika, interferoni pamoja na sitarabini. Vidonge vilishinda kwa mbali, na wengi wa kundi la pili wakahamia huko. Kwa hiyo katika saratani zote za damu, hii ni mojawapo ya zile zilizosikia dawa kuliko nyingine, nasi tunaiita sugu mbele ya mgonjwa!

Mimi ningeandika "saratani ya damu inayokwenda taratibu". Ni ndefu. Iache iwe ndefu. Na ile dada yake, ambayo tafsiri nyingi huiita "kali", iwe "inayokwenda kasi". Neno kali limeshachukuliwa: malaria kali ni malaria iliyozidi, inayotishia uhai. Saratani inayokwenda kasi huanza ghafla na kupamba moto ndani ya siku au wiki, hilo ndilo mgonjwa anatakiwa ajue, kwamba hakuna muda wa kungoja mavuno yaishe.

Mzee wa Bahi nampa haki yake yote. Kushindwa kwa Kiswahili ni kufika mwisho. Timu iliyoshindwa imetoka, mgombea aliyeshindwa amekwenda nyumbani. "Moyo kushindwa kufanya kazi" humwambia mtu kwamba moyo umesimama, naye anausikia ukidunda. Hali yenyewe ni kwamba moyo unadunda lakini nguvu ya kusukuma damu haitoshelezi mwili. Ndiyo maana miguu inavimba, pumzi inakata akipanda kilima, na usiku analalia mito miwili. Ongeza maneno machache tu: "moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha". Kushindwa kumebaki, ila sasa kuna kinachoshindikana. Na ukimwuliza kuhusu hiyo mito miwili, nadhani atavua kofia akae.

Umeniuliza hayo, nami naongeza moja ambalo hukuuliza, maana nimeliona kwenye nakala ya fomu uliyonitumia. Pale chini imeandikwa "Natoa idhini". Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka kwenda kwa aliye chini yake: mkuu wa shule humpa mwanafunzi idhini ya kutoka. Kibali ni idhini iliyoandikwa, kama kile watafiti wanachokiomba Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa upande wa maadili, au Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa upande wa dawa. Anachotoa mgonjwa ni ridhaa. Ridhaa ni ya moyoni, mzizi wake ni ule ule wa radhi na kuridhika, na mtu aliyeridhia anaweza kesho asiridhie tena. Fomu yako inasema hivyo hivyo ukurasa wa pili, kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Bibi asipojua kusoma, atabonyeza dole gumba kwenye wino mbele ya shahidi. Kabla hajabonyeza, mwombe akusimulie kwa maneno yake, hata kama ni kwa Kigogo, ni nini kinachopimwa na kitapimwa wapi.