Fungate mlimani: maswali yenu na majibu

Tunataka fungate mlimani, mbali na watu. Tuchague kuba la kioo, hema la duara au nyumba ya juu ya mti?

Hongereni! Kuba la kioo halina mpinzani usiku wa nyota, ila jua likishapanda ndani hugeuka tanuri, na alfajiri ya baridi pumzi zenu huganda kiooni zikawadondokea kitandani. Ulizeni kama lina mapazia na matundu ya hewa. Nyumba ya mtini inawafaa wasioogopa urefu, maana upepo ukivuma mti hucheza, na kitanda nacho. Mimi ningechukua hema la duara la wafugaji wa Mongolia, ger. Kuta zake ni sufu nzito iliyoshindiliwa, jiko liko katikati, na umbo lake halina kona ya kupigwa na upepo.

Mume wangu anataka tulale mita 3,500, tupande kwa gari siku hiyo hiyo. Ni salama?

Msifanye hivyo, tafadhali. Kuanzia mita 2,500 hivi, mwili usiozoea huanza kulalamikia uhaba wa oksijeni: kichwa kinauma, chakula hakipiti, usingizi unakatikakatika. Fungate yenu itakuwa ya kuuguzana. Laleni kwanza chini ya 2,500, na mkishavuka 3,000 msiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na unaofuata. Siku za mwanzo acheni pombe na dawa za usingizi. Mmoja wenu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa tu, shukeni mara moja. Msisubiri kupambazuke.

Usiku kuna baridi kali. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa ndani?

Hapana, hata kwa dakika chache. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi nje ni sawa, mradi pawe na king'ora cha gesi hiyo. Hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mnazopanda, basi fungasheni nguo za mlimani, si za bondeni.

Huko hakuna mtandao wa simu. Tufanyeje?

Mwachieni mtu mmoja mnayemwamini jina la mahali, njia mtakayopita na siku ya kurudi. Kisha zimeni simu kwa amani.

Nimepata kibanda kizuri sana, lakini choo kiko nje, mwendo wa dakika tano. Mke wangu hataki. Nimwambie avumilie?

Usimwambie. Mahali pa wawili huchaguliwa kwa kumsikiliza anayesita, kwa sababu yule mwenye hamu atafurahi karibu popote. Akilazimika kutoka gizani kwenye umande, atahesabu saa za kuondoka, nawe utakuwa peke yako na mandhari yako. Tafuta chenye choo ndani, hata kama dirisha lake ni dogo, na safari hii mwachie yeye uamuzi wa mwisho.