Mwonekano wa riwaya za zamani kwenye baiskeli

Ndugu, umeuliza kama mchoro mzima wa jalada la riwaya ya zamani utakaa kwenye fremu ya baiskeli yako. Mimi nisingeuweka. Bomba ni jembamba na la mviringo. Ukichora uso wa mtu, pua inabaki upande huu, sikio limeshazunguka kule. Chukua rangi na mistari tu. Penguin, wachapishaji wa vitabu wa Uingereza, mwaka 1935, walitumia mikanda mitatu: chungwa juu na chini kwa riwaya, kijani kwa za upelelezi, katikati nyeupe. Hiyo inapendeza mno. Piga msasa, paka praima (rangi ya msingi), kisha nyeupe, iache ikauke kabisa. Bandika selotepu ya karatasi kwenye kingo za mikanda, paka rangi, kisha uibandue selotepu wakati rangi ya mwisho bado mbichi kidogo, la sivyo ukingo utamenyeka. Na uzibe tundu la ekseli ya pedeli. Rangi ikiingia kwenye hesi, yaani mifereji ya kukazia iliyo ndani ya tundu, utajuta.