Maswali na majibu: bakteria wa tumboni na kinga ya mwili

Bakteria huleta magonjwa. Iweje mwili uwaache waishi tumboni? (Msomaji, Mbagala)

Wengi wao hawaleti ugonjwa wowote. Wanapovunja nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga, bakteria wa utumbo mpana hutoa asidi kadhaa, mojawapo ikiwa butireti, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo na pia husaidia kuongezeka kwa seli T dhibiti, yaani zile seli nyeupe zinazowatuliza askari wengine wa mwili wasishambulie chakula, bakteria wasio na madhara wala viungo vya mwili wenyewe. Ugunduzi kuhusu seli hizo uliwapatia Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025. Panya wanaolelewa maabara bila bakteria hata mmoja hubaki na kinga isiyokomaa. Ndiyo maana hunisumbua kusikia dawa zikinadiwa kwamba “zinaongeza kinga”, kwa kuwa mzio na pumu nyingi hutokana na kinga inayopigana pasipo adui.

Nikipata mafua hununua antibayotiki duka la dawa bila cheti cha daktari. Kuna ubaya? (Msomaji, Kariakoo)

Upo, tena mkubwa. Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Zinachoua ni bakteria wako wa tumboni, na wakipungua, bakteria aitwaye Clostridioides difficile aweza kushamiri na kuleta kuhara kukali.

Nile nini? (Msomaji, Tabata)

Dona badala ya sembe, maharage, kunde, matembele na matunda, ukiongeza kidogo kidogo ili tumbo lisijae gesi. Mtindi unafaa, ingawa bakteria wake wengi hupita tu bila kuweka makazi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hula mizizi na ubuyu kwa wingi, walikutwa mwaka 2014 wakiwa na aina nyingi zaidi za bakteria kuliko Waitalia waliolinganishwa nao.

Mwanangu ana miezi miwili. Nimpe mtindi apate bakteria? (Mama, Temeke)

Hapana, mama. Hadi atimize miezi sita mpe maziwa yako pekee, pamoja na dawa utakazoelekezwa kliniki kama zipo, kwani maziwa hayo yana kingamwili na pia aina za sukari ambazo mtoto hazisagi, bali hulisha bifidobakteria wa utumbo wake.