Kwa wapendwa mnaoanza kubeba mzigo wa kuiombea Komoro

Bwana asifiwe. Juzi mwombezi mpya kaandika kwenye kundi: "Tuvifungue visiwa vya giza." Amina zikamiminika. Giza lipi, mpendwa? Huko mtoto anapelekwa chuoni kusoma Kurani kabla hajaanza darasa la kwanza. Wewe Zaburi 23 unaisoma kwenye simu. Basi nisikilizeni.

1. Jueni ramani. Visiwa vya Ngazija, Nzwani na Mwali ni nchi moja, Komoro, huru tangu 1975. Kisiwa cha nne, Maore (Mayotte), kimebaki na Ufaransa.

2. Kuwahubiria Waislamu dini nyingine ni kosa kisheria. Wewe mgeni utapandishwa ndege. Mwenyeji wako atabaki na kesi, ukoo na majirani.

3. Barua za maombi. Hapa nitakaa, maana jambo hili nalijua kwa machungu. Kule Ngazija kuna kijana alikuwa akinifundisha lugha. Jioni moja akaniuliza habari za Isa, swali tu, kama mtu yeyote mwenye akili anavyouliza. Nikakimbilia kuandika: "Mungu anamgusa kijana muuza samaki wa kijiji fulani, mtoto wa mwalimu wa Kurani." Jina sikuweka, nikajiona mjanja kweli. Kijiji kile kilikuwa na wauza samaki wangapi ambao baba zao ni walimu wa chuo? Barua ikasomwa kanisani Dar, ikapigwa picha, ikasambaa. Nami nilisahau kwamba Wangazija wamejaa Dar na Unguja tangu enzi za masultani! Ikafika nyumbani kabla yangu. Kijana hakuwa ameamini chochote, lakini pale bangweni, uwanja wa kijiji wanapokaa watu, akitoa salamu hakuna anayeitika. Mama yake, ambaye kila nilipompelekea chakula alinirudishia sahani na ndizi au mkate juu yake, safari hiyo akamtuma mtoto. Sahani imeoshwa, inang'aa, tupu. Nilikwenda kuomba radhi. Baba mtu alinikaribisha kiti, akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwa upole nisirudi tena.

Kwa hiyo ukiniletea barua yenye kijiji, kazi na ukoo, nitaichana mbele yako. Usinune.

4. Kiswahili chako kitakufikisha sokoni tu. Tafuta mwalimu wa lugha yao, mlipe.

5. Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Ndugu yetu mmoja alishinda akipatana kodi na mzee, wakashuka bei, wakapanda, chai ikaisha. Mwishoni mzee akasema: "Haya, tumngoje mke wangu, ndiye mwenye nyumba."

6. Ramadhani usile barabarani. Hili nalo hadi niliseme?

7. Mkikosa la kuombea, ombeeni mvua: Ngazija haina mito ya kudumu, na vijiji vingi hunywa maji ya matangi. Ombeeni pia wanaovuka usiku kwa vile viboti vya kwasa-kwasa kutoka Nzwani kwenda Maore, kama kilomita 70 tu za bahari, na wengi wamezama humo. Mkesha wa Ijumaa tuanze na hao.