Darubini ya bunduki ndogo ya risasi moja: anza na umbali, kisha vidole vyako

Anayeanza na bunduki ya .22 (risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi) ya kupakia risasi moja moja karibu kila mara huuliza, "Ninunue darubini ya kukuza mara ngapi?" Kabla ya kumjibu, mimi humuuliza mawili: utapiga umbali gani, na darubini ikishafungwa, vidole vyako vitapita wapi ukitaka kupakia? La pili huwashangaza wengi. Mimi pia sikulifikiria mpaka nilipokwisha kulipa.

Darubini yangu ya kwanza ilikuwa ya kukuza mara 6 hadi 24, kioo cha mbele milimita 50. Niliamini kubwa ndiyo bora. Bunduki ilikuwa nyepesi, kilo mbili na nusu hivi, ya bolti, haina magazini: unavuta bolti, unashika risasi kwa ncha za vidole, unaiingiza kwenye chemba, unafunga. Risasi nzima ya .22 ina urefu wa milimita 25 tu. Sasa pale juu, karibu kabisa na mlango wa chemba, lilikuwa limelala lile bomba nene, na kioo chake cha nyuma kimetokeza hadi usawa wa mkono wa bolti. Risasi zilinidondoka majanini. Nikawa nainamisha bunduki upande ili nione chemba, na kila nikiinamisha, mtutu unahama kutoka kwenye shabaha. Mara ya pili nilipouona mtutu ukielekea walipokaa wenzangu, niliweka bunduki chini, nikaifungua ile darubini, na sikuirudisha tena.

Kwa hiyo, kabla hujanunua, fanya hivi. Hakikisha bunduki ni tupu, kisha tazama tena. Chukua kipande cha mpini wa ufagio, kwa sababu unene wake hukaribiana na bomba la kawaida la darubini, milimita 25.4. Kifunge juu ya bunduki kwa urefu ambao pete zitaiweka darubini, halafu ujaribu kupakia kwa risasi bandia. Jaribu ukiwa umekaa, jaribu ukiwa umelala kifudifudi, na ukivaa glavu basi jaribu nazo. Vidole vikikwama, tafuta pete ndefu kidogo au darubini fupi. Usipandishe sana lakini, maana shavu litaacha kugusa kitako na jicho litakuwa linaelea.

Wenye bunduki za kukunja, zile zinazofunguka katikati na zenye nyundo nyuma, waongeze uangalifu. Darubini hufunika nyundo, na dole gumba linalovuta nyundo kwa shida linaweza kuteleza risasi ikiwa ndani. Kuna kipande kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye nyundo ili kitokeze pembeni; kinunue pamoja na darubini, si baadaye. Zipo pia bunduki ndogo za bolti ambazo unazikoki kwa kuvuta kifundo cha nyuma kwa mkono, nazo zina tatizo lilelile.

Tuje kwenye umbali, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Darubini isiyo na kirekebishi cha paralaksi hupangwa kiwandani kwa umbali mmoja. Zilizotengenezwa kwa bunduki kubwa hupangwa mita 100 hivi au zaidi. Zilizotengenezwa kwa ajili ya .22 hupangwa karibu na mita 50. Shabaha ikiwa nje ya umbali huo, picha na msalaba wa kulengea havikai pamoja mle ndani ya darubini, hivyo jicho likisogea kidogo, msalaba nao unatembea juu ya shabaha ilhali bunduki imetulia; hiyo ndiyo paralaksi.

Ione mwenyewe. Laza bunduki tupu juu ya mifuko ya mchanga, elekeza msalaba kwenye nukta iliyo mita 25, toa mikono, kisha sogeza kichwa polepole kushoto na kulia. Kwa darubini ya kioo cha milimita 40 iliyopangwa mita 100, hesabu inatoa kosa la hadi milimita 15 kila upande kwenye umbali huo. Kwa ya milimita 32 iliyopangwa mita 50, halizidi milimita 8. Bunduki nzuri ya .22 inaweza kuweka risasi tano ndani ya milimita 15 kwa mita 25 bila taabu, maana yake darubini isiyofaa peke yake inaweza kutawanya zaidi ya bunduki. Nimeona watu wakilaumu mtutu, wakilaumu risasi, wakibadilisha kitako, na kumbe ni hili.

Chagua basi iliyopangwa kwa .22, au yenye kirekebishi, kiwe pete ya kuzungusha mbele au kifundo cha ubavuni. Soma namba iliyoandikwa pale: nyingine huanzia mita 10, nyingine huishia 50 kwa chini, na hiyo ya pili haikusaidii kwenye mita 25.

Ukuzaji wenyewe hauna mengi. Mara 4 isiyobadilika inatosha kujifunzia na kuwinda wanyama wadogo. Ukitaka ya kubadilisha, chukua 2 hadi 7 au 3 hadi 9, kioo cha mbele milimita 32 au 40. Gawanya kipenyo cha kioo kwa ukuzaji upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 32 kwa 4 ni milimita 8, jicho linauona mara moja, 50 kwa 24 ni milimita 2 na kidogo, na hapo utatafuta picha huku ndege ameshaondoka. Ukuzaji mkubwa pia hukuonyesha shabaha pekee na kukuficha kilicho pembeni na nyuma yake. Risasi ya .22 huonekana kama mchezo, lakini inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1.5. Inua kichwa, tazama kwa macho yako kama kuna kinga ya udongo nyuma ya shabaha, ndipo urudi kwenye kioo.

Uzito: gramu 300 hadi 400. Ikizidi sana hapo, bunduki nyepesi inakuwa nzito juu na inataka kupinduka mkononi.

Pete nazo ziangalie kabla. Bunduki nyingi za .22 zina mifereji miwili iliyochongwa juu ya chuma, upana wa milimita 11 hivi. Nyingine, hasa za kukunja, zina matundu ya skrubu yanayohitaji reli. Pete za mfumo mmoja hazishiki kwenye mwingine, na anayezilazimisha huharibu chuma. Usikaze skrubu kwa nguvu zote. Bomba likibonyea, sehemu za ndani zinazosogeza msalaba hazifanyi kazi sawasawa. Kabla ya kukaza, funga macho, weka bunduki begani kama kawaida yako, kisha fumbua. Ukiona kivuli cheusi ukingoni, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae bila wewe kunyoosha shingo.

Kwa mita 50, kliki moja (hatua moja ya kifundo cha kurekebishia) ya robo dakika ya pembe husogeza pigo kama milimita 3.6. Darubini mpya ipime hivi: piga risasi tatu, zungusha kliki 20 juu na upige tatu nyingine, 20 kulia na upige, 20 chini na upige, 20 kushoto na upige. Utapata mraba wa sentimita 7 hivi kila upande, na kundi la mwisho liangukie juu ya lile la kwanza. Lisiporudi, rudisha darubini dukani ungali na risiti. Kipimo hiki humaliza risasi 15, na mimi sikiruki hata kwa darubini ya bei kubwa.

Anza kusawazisha, yaani kurekebisha ili risasi ipige pale msalaba unapoelekea, kwenye mita 25, ukiwa na uhakika wa karatasi hamia 50 na umalizie hapo. Ukisawazisha mita 50 kisha ukapiga mita 100, risasi itashuka sentimita 15 hadi 20, au zaidi kwa zile za mwendo ulio chini ya kasi ya sauti. Na ukibadilisha aina ya risasi, pigo litahama bila kosa la darubini. Mimi hubandika utepe upande wa kitako, naandika kwa penseli aina ya risasi niliyosawazishia na tarehe. Nikibadilisha, napiga tano kwenye karatasi kwanza, ndipo naamua kama niguse vifundo.